Dawa ya Ukungu

Kosa lilikuwa la neno moja tu, na lilifanyika mezani watu wakiwa wameshiba, kwa hiyo hapakuwa na wa kusingizia njaa.

Naima Makame alikuwa amerudi nyumbani kwao Soweto, Mbeya, na karatasi ya tangazo aliyotaka kuibandika kwenye ubao wa kijiji cha Iswelo, huko juu milimani. Kazi yake ilikuwa kuhesabu vyura. Watu wakicheka, na wengi walicheka, aliwaacha wamalize, kisha akaendelea na mambo yake. Kwa miaka sita alipanda mlima kila mwezi kwa niaba ya mradi wa utafiti. Alisikiliza milio, akawakamata wachache, akawapangusa ngozi kwa kijiti chenye pamba na kuwarudisha majini, halafu pamba zile akazipeleka maabara Iringa. Mwaka wa kwanza kijito cha Iswelo kilikuwa na madume sitini na mawili yaliyokuwa yakilia. Mwezi uliopita alihesabu tisa. Vijito vingine viwili vya mlima ule vilikuwa kimya kabisa, na chura wa aina ile, mwenye ukubwa wa punje mbili za maharage, hakuwahi kuonekana mahali pengine popote. Kilichokuwa kikiwamaliza ni kuvu inayoota kwenye ngozi. Chura hunywa maji kwa ngozi yake, na hewa pia huivuta kwa ngozi hiyo hiyo, basi ngozi ikiharibika amekwisha.

Kwenye karatasi Naima alikuwa ameandika: “Vyura wetu wanakufa kwa fangasi.” Baba yake, Mzee Makame, muuza vitenge, aliisoma kwa kuinyoosha mbali na macho. Mzee huyu alizaliwa Mbeya na hajawahi kuishi kwingine, lakini linapokuja suala la Kiswahili alijihesabu bado yuko Pangani alikotoka babu yake.

“Fangasi!” alisema. “Mwanangu, utaandika fangasi kwenye ubao wa kijiji? Watu watajua unazungumzia vyura, au watadhani unazungumzia mambo ya ndani ya nguo?”

“Ndivyo wanavyosema watu, baba.”

“Watu wanasema mengi. Andika kuvu.”

“Kuvu hawaijui. Nikiandika kuvu wataniuliza ni mnyama gani.”

“Basi andika ukungu. Mkate ukiota ukungu, nani asiyejua?”

Tuseme kweli, Naima naye alikuwa na haya zake. Neno fangasi alilizoea kwenye mabango ya zahanati, karibu na picha za watu wanaojikuna. Akakata, akaandika upya: “Vyura wetu wanakufa kwa ukungu. Tushirikiane kuwaokoa.” Jumatatu alilibandika tangazo, mvua ikamfukuza kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kumuuliza lolote, akateremka akiwa na raha ya mtu aliyemaliza kazi.

Sasa, baba na binti wote wawili walisahau jambo moja ambalo hata mbuzi wa Iswelo analijua. Iswelo wanalima viazi, na kwa mkulima wa viazi ukungu si kitu cha mkate. Ukungu ni ugonjwa unaogeuza shamba la kijani kuwa jeusi kwa siku nne. Una dawa yake, ya unga, inakorogwa kwenye maji na kupuliziwa kwa bomba la mgongoni. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba kiumbe fulani anakufa kwa ukungu, kisha ukamwomba ushirikiano, usishangae akikupa ushirikiano.

Ijumaa ya wiki iliyofuata Naima alikuwa Iringa, amekaa barazani kwa shangazi yake Waridi, Ipogolo, akila vitumbua baada ya kukabidhi pamba zake maabara. Simu ikaita. Alikuwa Pravin, mwenye duka la pembejeo za kilimo pale Ilomba, Mbeya. Naima alisoma na binti yake, kwa hiyo tangu utotoni alimwita Baba Riya.

“Shikamoo, Baba Riya.”

“Marahaba, marahaba. Sikiliza wewe. Watu wa Iswelo, wale wa vyura wako, jana wamebeba dawa ya ukungu yote dukani kwangu. Nikawauliza, viazi vimepatwa? Wakasema viazi vizima, dawa ni ya vyura. Mimi nikacheka. Wao hawakucheka.”

Kitumbua kilibaki mkononi. “Wamesema wanapulizia lini?”

“Kesho asubuhi, msaragambo. Kila nyumba inatoa mtu mmoja na bomba lake. Anayeongoza ni mama mmoja mwenye sauti, anaitwa Sekela. Kaniambia watapulizia kijito chote kuanzia chemchemi mpaka darajani. Sasa mimi si mtaalamu wa vyura, Naima, ila pakiti ile imechorwa samaki amelala chali, na chini imeandikwa usimwage majini. Nikaona usiku kucha silali vizuri. Nimekosea kukupigia?”

Hakukosea. Dawa ile ingemaliza viluwiluwi wote kabla ya adhuhuri, na vyura wazima kabla ya jioni, na mlima mzima ungebaki bila hata mmoja. Naima aliona tisa wake wakielea, na juu yao akaona mwandiko wake mwenyewe, ule mzuri wa herufi kubwa. Alijichukia. Akampigia Lugano, mwenyekiti wa kijiji, mara saba. Iswelo mtandao hupatikana kwenye kilima cha kanisa tu, na Lugano si mtu wa kanisa siku za Ijumaa. Akamshika shangazi mkono, akaomba radhi, akapanda basi la kwanza lililosimama kwenda Mbeya.

Nyumbani alimkuta baba yake anakunywa chai. Akamweleza.

“Kwani ugonjwa wa viazi nao unaitwa ukungu?” aliuliza Mzee Makame.

“Unaitwa ukungu, baba.”

Mzee aliiacha chai ikapoa. Hakusema tena habari ya kuvu.

Alfajiri Pravin alikuwa mlangoni na pikapu yake, amevaa koti zito na viatu vya ngozi vilivyong’aa. “Niliyewauzia ni mimi,” alisema, “kwa hiyo usinishukuru.” Naima alitupa gambuti zake nyuma, wakaondoka. Walipoanza kupanda mlima ukungu ukawameza. Si wa mkate wala wa viazi, ule wa asili, mweupe, mzito, unaofanya taa za gari zionekane kama zimefunikwa shuka. Pravin aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha.

“Huu sasa ni ukungu wa nani? Wa vyura au wa viazi?”

“Wa barabarani, Baba Riya. Endesha.”

Msaragambo wa Iswelo huanza saa moja kamili. Walifika saa tatu. Naima alivaa gambuti, akakimbia kuteremka kati ya mashamba, akateleza, akainuka, akateleza tena, na kila alipovuta pumzi alijaribu kunusa dawa. Alipofika ukingoni alipaza sauti kabla hajaona mtu.

“Msipulizie! Jamani, msipulizie!”

“Nani kapulizia?” sauti ilimjibu kutoka ndani ya weupe.

Akawaona. Watu kama thelathini walikuwa wamekaa kwenye nyasi, mabomba mgongoni, wakila mahindi ya kuchoma na kupiga soga. Mbele yao, juu ya jiwe, amekaa Sekela, mama wa makamo ambaye shamba lake linapakana na kijito, kilemba kimekazwa na bomba lake limejaa hadi shingoni.

“Shikamoo, mama,” Naima alisema akihema.

“Marahaba. Ugonile, mwanangu,” alimsalimia kwa lugha ya kwao. “Mbona unakimbia kama umefukuzwa na nyuki?”

“Kwa nini hamjapulizia?”

Sekela alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto wa mjini. “Dawa ya ukungu haipuliziwi kwenye ukungu. Majani mabichi, dawa inateleza yote, unapata hasara. Hata mtoto wa darasa la pili hapa anajua. Tunasubiri ukungu uondoke, ndiyo tuupige ukungu.”

Naima alikaa chini kwenye matope. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena. Pravin, aliyekuwa amefika nyuma yake na viatu visivyong’aa tena, alivua kofia, akamshukuru Mungu kwa Kigujarati.

“Ila Anord ana haraka,” Sekela aliongeza. “Alianza peke yake kule juu kabla sijamwita. Robo bomba hivi.”

Anord, kijana mrefu mwenye koti la mvua, aliangalia vidole vyake vya miguu. “Kwenye majani ya ukingoni tu, dada. Majini sikufika. Nadhani sikufika.”

Kicheko kilimwisha Naima. Kule juu maji yanatelemka kuja kwenye dimbwi la katikati, na dimbwi la katikati ndilo lenye viluwiluwi wote waliobaki. Alitaka kukimbilia huko papo hapo, lakini watu thelathini walikuwa wanamtazama na mabomba thelathini yalikuwa bado yamejaa. Kwanza ilibidi aseme.

“Tangazo lile nimeandika mimi, na nimeandika vibaya,” alisema. “Ugonjwa wa vyura si ukungu wa viazi. Dawa hii ingewaua wote leo leo.”

“Sasa umeandika ukungu wa nini?” aliuliza Lugano, mwenyekiti, mtu mpole aliyezoea kulaumiwa kwa mambo ya wengine. “Sisi tulijadili kabisa. Kuna waliosema ni ukungu huu wa hewa, kwamba vyura vinakufa kwa baridi, tuwashe moto pembeni. Mama Sekela akasema hapana, mtaalamu hawezi kusema hivyo, vyura vimezaliwa kwenye baridi. Ni ule wa viazi.”

“Ni…” Naima alisita. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yenyewe hata hayakuwa yake. “Ni fangasi.”

Mama mmoja akafunika mdomo kwa khanga, na wote wakaangua kicheko, mabomba yakigongana migongoni.

“Fangasi hii ya miguu?” Lugano aliuliza akijifuta macho.

“Ndugu yake. Ya ngozi.”

“Mbona hukusema! Fangasi nani hana hapa? Masika yote mguu uko ndani ya gambuti!”

“Mimi ya kwangu nimeipata kwa Anord,” mwingine alisema. “Nilimwazima gambuti zangu, akanirudishia mbichi. Mwaka wa tatu huu najikuna.”

“Uongo!” alisema Anord, lakini si kwa nguvu.

Basi ndani ya dakika tano Naima aliona kijiji kizima kimeelewa kile alichoshindwa kukieleza kwa miaka sita ya michoro na mikutano. Inapenda majimaji. Inahama kwa kiatu kibichi. Asiyeitaka asiazime viatu. Alifurahi kiasi cha kujisahau, na alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kuwasifu, Sekela aliponyanyua mkono.

“Ngoja. Hiyo fangasi ya vyura, na yenyewe inatembea na viatu?”

“Ndiyo, mama. Viatu, nyavu, ndoo. Chochote kibichi kinachotoka maji haya kwenda maji yale.”

“Mimi nina miaka hamsini na nane. Kijito changu ni hiki. Lugano chake ni kile cha kule chini. Hakuna mtu hapa anaacha maji ya kwao kwenda kukanyaga maji ya wenzake, anatafuta nini?” Aliongea taratibu, kama mtu anayevuta kamba asijue mwisho wake kuna nini. “Nani anatoka kijito hiki anaingia kile, kila mwezi?”

Hakuna aliyecheka. Wote walitazama gambuti za Naima, za kijani, zilizofika magotini. Naima naye alizitazama. Angeweza kusema kwamba wataalamu bado wanabishana kuvu ile ilifikaje, na isingekuwa uongo. Kwamba ndege nao wana miguu. Aliona kwamba kama angejificha nyuma ya wataalamu leo, asingeweza tena kuja hapa na kuwatazama watu hawa usoni.

“Sisi,” alisema. “Siku hizi tunazifua kwa jiki na kuzianika kila tunapohama. Miaka miwili ya mwanzo hatukuwa tunafanya hivyo. Tulikuwa tunatoa matope tu. Inawezekana ni sisi tulioileta. Sijui kwa hakika, mama, ila inawezekana.”

“Na leo umezifua?”

Gambuti Naima alizivaa mara ya mwisho kwenye kijito cha pili, siku kumi zilizopita, akazifunga kwenye mfuko, na asubuhi ile, kwa haraka ya kuokoa vyura, alizitoa mfukoni na kuzivaa. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwenye maji.

“Sijazifua,” alisema.

Sekela alishuka kwenye jiwe, akatua bomba lake, akamsogelea. Naima alisubiri kutukanwa na aliona ana haki ya kutukanwa.

“Mimi leo nilikuwa naviua kwa dawa,” alisema Sekela. “Wewe labda umeviua kwa buti. Wote tulikuwa tunaviokoa. Basi tumelingana, hakuna wa kumcheka mwenzake. Vua.”

“Nini, mama?”

“Gambuti. Vua.”

Naima alivua, na soksi pia. Matope yalikuwa baridi. Sekela alizifunga gambuti pamoja kwa kamba ya katani, akampa Lugano. “Zipeleke jikoni kwangu, uzimwagie maji ya moto, uzitundike juu ya moshi. Hizi kuanzia leo ni za Iswelo. Hazitoki hapa. Akienda kwenye vijito vyake vingine akatafute nyingine.” Kisha akamgeukia Pravin. “Na wewe, muuza dawa, viatu.”

“Mimi siingii majini, mama!”

“Viatu.”

Pravin alivua. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na msaragambo mzima ukaburudika.

Baada ya hapo kazi ilikwenda mbio. Mabomba yalirudishwa mashambani yakasubiri viazi, ambavyo ndivyo vyenye dawa yao. Anord alionyesha mahali alipopulizia, na watu kumi wakakata majani yote ya ukingo ule kwa mundu na panga, wakayabeba mbali na maji, pamoja na tabaka la udongo wa juu kwa majembe. Anord alibeba mara mbili ya wenzake bila kuambiwa. Ukungu ulikuwa unaanza kuchanika, vipande vya jua vikaangukia majani. Hakuna chura aliyelia. Naima alijua kwamba jua likitoka huwa hawalii, lakini kujua si dawa ya wasiwasi.

“Acha niangalie dimbwi,” alisema. “Nitajua kwa kuwatazama. Viluwiluwi wakipatwa na sumu wanapanda juu, wanalala upande.”

“Umeshaniambia dalili,” alisema Sekela. “Nitaangalia mimi. Miguu yangu haijawahi kutoka kijito hiki. Ya kwako imetembea vijito vyote.”

Naima alitaka kusema kwamba hiyo ndiyo kazi yake, kwamba ana shahada, kwamba kwa miaka sita hakuna aliyelichungulia dimbwi lile kumshinda yeye. Alitazama nyayo zake tupu kwenye nyasi na akaona yule mama amesema kweli. Ilimuuma, halafu, ajabu, ikampunguzia mzigo. Miaka sita alikuwa amewabeba vyura hawa peke yake kama mtu aliyebeba beseni la maji kichwani, shingo imekauka, asiruhusu hata mtu amsaidie kulitua.

Sekela alinawa miguu kwa maji ya kibuyu, akapandisha khanga hadi magotini, akaingia. Alipanda juu polepole, akigusa mawe kwa vidole kabla ya kukanyaga, mpaka magugu yakamficha. Pravin alisimama mguu mmoja juu ya mwingine kwa baridi. Ilisikika sauti ya maji tu, kwa muda ambao Naima aliuona mrefu kuliko njia ya Iringa.

“Mama?” aliita. “Unaona nini?”

Hakujibiwa. Mwili wote ulimvuta ainuke. Alishika nyasi kwa mikono miwili, akabaki pale pale.

“Vipo!” Sekela alipiga kelele kutoka kwenye magugu, kwa sauti ya msichana. “Vipo, vinakimbizana! Vingine vimeota miguu! Nivihesabu?”

Naima alitoa daftari mfukoni, akashindwa kuliona vizuri kwa machozi, akampa Anord aliyekuwa karibu pamoja na kalamu.

“Hesabu, mama,” aliita. “Anord anaandika.”

“Kimoja!” ilisema sauti ya Sekela. “Viwili! Tulia wewe, nimeshakuhesabu. Vitatu!”

Naima alikaa ukingoni, miguu tupu, akasikiliza.